Nichagulie Mwezi

Kila Septemba Evdokia alitandika chumba namba nne cha nyumba yao ya wageni huku akisonya. Vitanda viwili, kimoja kimevurugwa, kingine hakijaguswa hata mto. Na yule Mjerumani Dieter, bila haya, akimtambulisha mwanamke wa nywele nyekundu kuwa binamu yake!

"Binamu!" Evdokia alimwambia mumewe. "Binamu gani huyo? Na Birgit wa watu hana habari."

"Achana na ya watu," alisema Thodoris. Kila mwaka jibu lake lilikuwa hilohilo.

Lakini angeachana nayo vipi? Birgit ndiye mke wa Dieter, na kila Mei alikuja naye, mwaka wa tisa sasa. Wageni wengine walisema asante wakaenda zao baharini. Birgit aliingia jikoni, akamenya vitunguu, akamchekesha Evdokia hadi machozi kwa Kigiriki chake cha kuokoteza. Katika wageni wote wa nyumba ile, huyo ndiye Evdokia aliyempenda. Kumficha jambo kama lile kulimchoma moyo.

Mwezi wa Machi simu ikalia.

"Evdokia, dada yangu, Mei mwaka huu sitaweza. Nichagulie wewe mwezi mzuri wa kuja huko."

"Unakuja na Dieter?"

"Peke yangu. Dieter ana kazi nyingi."

Kazi!

"Aprili je?" aliuliza Birgit.

"Bahari bado ya baridi, utatoka majini meno yanagongana."

"Na Agosti?"

"Agosti! Una wazimu? Jua linababua, upepo unakuvua nguo, nyumba imejaa watu wa Athene na makelele yao. Tena mimi sipo, mwenzangu. Kuanzia tarehe kumi na tatu hadi kumi na saba niko kisiwani Tinos, kuhiji kwa Bikira Maria. Anabaki Thodoris, na huyo hata yai hajui kuchemsha."

Birgit alicheka. "Basi lini?"

Thodoris alikuwa amesimama mlangoni, amemtolea mkewe macho, akitikisa kichwa kumkataza. Evdokia akamgeuzia mgongo.

"Septemba," alisema. "Wiki ya pili. Usimwambie mtu yeyote, wewe njoo tu."

Siku ile Thodoris alikula nusu tu ya chakula cha jioni. Mwishowe akasukuma sahani. "Umevunja nyumba ya watu."

"Imevunjwa na mwenyewe," Evdokia alimjibu. "Mimi nimemwonyesha mlango tu."

Agosti ikafika. Tangu Thodoris apasuliwe moyo, Evdokia alikuwa na nadhiri: kila mwaka apande kwa magoti kutoka bandari ya Tinos hadi kanisani, ili mumewe azidi kuishi. Safari hii alipanda na maombi mawili. La kwanza lilikuwa lilelile la kila mwaka. La pili lilikuwa la Birgit, apate nguvu Septemba ikifika, asianguke atakapoyaona. Alipofika juu magoti yalikuwa yanatoka damu. Akawasha mishumaa miwili, akalia kidogo kwa ajili ya kila mmoja wao.

Sikukuu ilipokwisha, bandari ikatangaza kwamba upepo mkali unakuja. Baada ya asubuhi ya tarehe kumi na sita meli hazitaondoka siku tatu. Evdokia alimfikiria Thodoris, na moyo ule mbovu, peke yake na nyumba iliyojaa wageni. Akapanda meli ya kwanza.

Alifika nyumbani saa sita mchana. Wageni walikuwa baharini, ua umetulia. Akazunguka nyuma akichechemea, na mkobani ana chupa mbili za maji ya baraka.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Akasikia kicheko, akasimama.

Birgit alikuwa ameketi mezani, nywele zimelowa, mwilini hana kitu ila shati la Thodoris. Miguu yake ilikuwa imelala mapajani mwa Thodoris, naye akimmenyea tini na kumlisha moja moja. Evdokia alishika ukuta.

"Kula polepole," Thodoris alisema. "Hadi kesho harudi."

"Najua," alisema Birgit. "Aliniambia mwenyewe."