Kinywa cha Pili

Mwalimu wa mimea aliliweka ua la mgomba juu ya meza ya kamati, katikati ya vikombe vya chai, akakataa kuketi.

Asubuhi hiyo wakubwa wa kamusi walikuwa wamepitisha maneno matamu bila ubishi: asali iliyotoka kwa Waarabu, shira iliyotoka Uajemi, utomvu wa kwetu wenyewe. Walipofika kwenye "mbochi", yale maji matamu yaliyomo ndani ya ua, mwenyekiti akachukua kalamu nyekundu.

"Nekta inatosha," alisema. "Kwa Wagiriki kilikuwa kinywaji cha miungu. Hilo lako, mwalimu, nani analisema?"

"Mama yangu alilisema. Na mimi."

Mama alikuwa kaburini, na marehemu hatoi ushahidi. Kanuni ilitaka vinywa viwili vilivyo hai, la sivyo neno linafutwa kabla kikao hakijafungwa. Mwenyekiti alilieleza hilo kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. Yeye mwenyewe, alisema, alilelewa kwenye nyumba ya vitabu, hajawahi kulisikia, na watoto wenye adabu hawanyonyi maua. Au shahidi wa mwalimu ni nyuki? Wajumbe wakacheka.

Hasira ilimpanda mwalimu, lakini akasimama kidete. "Mnaweza kunitoa humu mmenibeba," alisema. "Neno la mama halitoki."

Katibu, ambaye njaa ilishaanza kumuuma, akamwuliza huyo shahidi wa pili yuko wapi. Akajibiwa kwamba ameshafika, ila bado anaona haya.

Wote wakageukia mlango. Haukufunguka.

Mwalimu akabandua ganda moja la lile ua, akachomoa vijiua vilivyojipanga chini yake, akavizungusha kwenye kisahani. Mjumbe mmoja alikinusa chake. Mwingine alikitafuna, akatema. Katibu alikilamba nchani, akasema hakina kitu. Mwenyekiti, macho yakiwa kwenye karatasi zake, alikivunja chake kitakoni, akakigeuza, akakinyonya mara moja, kisha akanyoosha mkono kuchukua kingine.

Wajumbe wote wakamgeukia.

"Usivimalize, mdogo wangu," mwalimu alisema. "Na waambie wenzako, mama yetu alikuwa anayaitaje maji hayo."