Ngiri Aliyeziba Pua

Palikuwa na Ngiri mmoja mchoyo kupindukia. Siku moja alimaliza asali ya mzinga mzima peke yake, kisha akasikia pumzi yake inanukia asali.

"Ala! Nguvu za asali yangu zinavuja!" alifoka. Akaziba pua kwa tope, akafumba mdomo, akamtazama kwa dharau jirani yake Nungunungu, aliyekuwa akihema ovyo.

Mara Fisi akawatokea, nao wakatimua mbio. Nungunungu alihema kama mvukuto hadi akaingia shimoni. Ngiri, na asali yake yote tumboni, hakufika mbali. Miguu iliwaka moto, misuli ikakaza, akabwagika chini.

"Vuta pumzi, jirani!" Nungunungu alimpigia kelele. "Umejaza mkaa jikoni, ukaziba tundu la hewa. Moto utawakaje?"

Ngiri akaachama, akavuta pumzi, akapiga chafya, na tope likamrukia Fisi machoni. Miguu ikapata uhai, akachomoka hadi kwake.

Kesho yake alfajiri, Nungunungu alimkuta Ngiri kasimama nje, mdomo wazi, akivuta hewa kwa fujo.

"Kulikoni, jirani?"

"Usinisemeshe," Ngiri alijibu. "Nataka niimalize yote kabla wengine hawajaamka."