Sombe kwa Kayumba

Kifuniko cha sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kiligongagonga njia nzima mikononi mwa Véronique.

"Mama Olivier, we njo kichwa nguvu!" Arlène, jirani yake, alimfuata nyuma. "Kwa ule muntu usikunywe hata maji. Na ukikufa, ile kikwembe ya bluu ni yangu."

"Iko mu valise, juu ya nguo zingine. Uchukue."

Arlène alicheka. Véronique hakucheka. Mwaka ule wa 1999, vita vikiwaka Kongo, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, iliogopa sumu kuliko malaria. Hakuna aliyekula cha mtu wa kabila jingine kabla aliyekileta hajakionja.

Lakini Jumapili Pasta Ciza alikuwa mkali: Yesu amesema mpende adui, basi kabla ya Meza ya Bwana kila mmoja ampelekee adui yake chakula, wale pamoja. Kanisa zima likamgeukia Véronique. Lilijua kwamba mwanawe Olivier aliuawa Uvira, na kwamba wauaji walisema lugha ya mkimbizi mwenzao, Kayumba.

Alhamisi alipanda basi hadi Old Town, Lilongwe, kutafuta alichokosa kambini kwa ajili ya sombe hiyo. Ijumaa hakulala. Sasa, Jumamosi mchana, alisimama mlangoni pa Kayumba.

Kayumba, fundi cherehani, aliinuka na mkasi mkononi. Véronique akarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, Mama Olivier. Unaogopa nini? Hii makasi inakata nguo tu."

Mkeka ukatandikwa, nsima, ugali wa huko, ikaletwa. Véronique akashika kijiko aonje, kama desturi. Akaomba kimoyomoyo apewe nguvu ya kumeza.

Kayumba akamzuia mkono.

"Hapana. Unakuja kwangu kwa jina ya Yesu, nikuonjeshe kama mulozi? Weka kijiko." Akageukia chumba cha ndani. "Kamaliza! Mukuje na mudogo yako. Mama ametuletea sombe. Batoto banaanza."

Wasichana wawili wakatoka mbio. Mdogo hakungoja sahani; alinyoosha mkono moja kwa moja sufuriani.

Véronique akainyakua sufuria, akaitupa nje ya mlango. Sombe ikatapakaa uani.

"Mama Olivier!" Kayumba alipiga kelele. "Batoto bangu bamekukosea nini?"

Véronique alikuwa tayari nje, amepiga magoti, akiwafukuza kuku na kuifukia ile sombe kwa mikono miwili, hadi chembe ya mwisho.