Mwandishi Kwenye Sinki la Saluni

Jamani, kati ya sehemu zote, mwandishi alikuwa amelala chali kwenye sinki la saluni, kichwa kimejaa povu, redio ilipoanza kukisema kitabu chake.

Si ndicho kile kinachotaka wake wote wagome kupika na kufua mpaka walipwe mshahara!

"Huyo kakosa mume tu," akasema mama mmoja aliyekuwa akisukwa pembeni. "Angempata, muda wa kuandika upuuzi angeutoa wapi?"

"Na mama yake je?" mwenzake akadakia. "Mimi ningemkana mchana kweupe."

Hapo ndipo palipomchoma. Tangu kitabu kitoke, mama yake hapokei simu zake. Machozi yakamtoka, yakateremka kuelekea masikioni.

Msusi aliyekuwa akimwosha nywele akayaona. Akamtazama usoni, akamtazama tena, akamjua. Alifungulia maji ya uvuguvugu, kisha akamziba masikio kwa viganja vyake, taratibu, kama anavyozibwa mtoto anayeogeshwa. Kelele zote zikapotea. Likabaki joto la mikono ile tu.

Mwandishi angeweza kukaa humo mpaka jioni. Lakini akaishika ile mikono, akaishusha, akainuka, povu likimchuruzika mpaka kwenye kola.

"Mama zangu," akasema, "mimi ndiye niliyekiandika."

Mtu akaizima redio.

"Haya waeleze, mdogo wangu," msusi akasema, akimpangusa paji la uso. "Ila fumba macho, povu litakuwasha."