Pete Ndogo ya Shaba

"Bibi, hii si kamba ya kuanikia nguo. Usiishikeshike."

Fundi aliusukuma mkono wa bibi kwa mgongo wa spana. Baiskeli ilikuwa imebanwa kwenye stendi, mipira yake ya breki, ile mirija ya kupitishia mafuta, ikining'inia mbele ya usukani, mirefu kupita kiasi. Bibi alikuja ili mipira hiyo ifupishwe. Wajukuu wake wawili, kila mmoja na baiskeli yake, walizoea kushuka mlima kwa kasi, na kule mteremkoni breki ikikataa hakuna wa kumwomba msaada.

"Wajukuu wamekutuma wewe? Wangekutuma chumvi."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja kuzibiwa pancha walicheka. Bibi akavuta kigoda, akakaa.

"Chekeni tu, baba zangu. Mimi nakaa nione."

"Uone nini? Hii haina waya, ni mafuta humo ndani. Wenzangu mtaa huu wanaigusa kwa kubahatisha tu."

Aligeuza usukani kulia, akaugeuza kushoto, akapima, akatia alama, akakata. Mkato ulinyooka. Mkono anao, hilo bibi hakulikataa. Kisha akabana kwenye jiliwa kile kipande kilichokatwa, akachokonoa kwa bisibisi pete ndogo ya shaba iliyokuwa imeubana mpira, akaipuliza vumbi, akaivisha tena kwenye mpira uliofupishwa.

"Hiyo si imeshabonyea?" bibi aliuliza. "Haiwekwi mpya?"

Fundi aliwageukia wateja. "Mmesikia? Injinia huyo!"

"Nauliza tu, baba."

"Mpya ni za wale wanaosoma vikaratasi vya dukani. Pete ni pete. Miaka sita narudishia ileile, kila baiskeli inayopita hapa. Kaulize mtaa mzima."

"Nimeuliza."

"Wakasemaje?"

"Mafundi wenzako wote watatu wa mtaa huu wamenionyesha kopo la pete mpya. Wanasema ya zamani ikishabonyea haishiki tena, mpira unachomoka siku unapobana breki kwa nguvu."

"Waoga hao. Ndiyo maana hawana wateja."

Akakaza nati, akabonyeza breki mara mbili. Ikashika. Akalipiga tandiko kofi, kama muuza ng'ombe.

"Haya, bibi. Kamwambie mjukuu ashuke mlima leo leo. Akianguka, niite mimi mjinga."

Bibi aliinuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akamtazama fundi kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga njiani.

"Huyu mwenye baiskeli hii hashuki," alisema. "Mwenzake alishuka Jumanne, mpira wa breki ukachomoka. Mpaka leo hajafumbua macho atuambie ni fundi gani alimfupishia breki, ndiyo maana nimezunguka kuuliza."