Sauti ya Mke

Badru alikuwa amepiga kila chombo mwenyewe katika albamu yake ya roki, hadithi moja ndefu ya mume na mke inayosimuliwa kwa nyimbo. Ilibaki sauti ya mke tu. Akamwomba Rukia, waliyeachana naye mwaka uliopita, naye akakubali kuja.

Rukia aliimba wimbo wa kuaga, amesimama katikati ya magodoro yaliyoegemezwa ukutani kuzuia kelele. Aliuimba vizuri kuliko Badru alivyowahi kuuwaza.

"Rudia," Badru alisema. "Kuna mahali umeteleza."

Akarudia. Badru akamwambia arudie tena, na tena, mpaka Rukia akavua hedifoni.

"Badru, nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Hata ile mara ya kwanza."

"Nilijua," Rukia alisema kwa upole. Akachukua mkoba wake. "Lakini nyumbani wananingoja."

Mlango ulipofungwa, Badru hakuzima mashine ya kurekodia. Alivaa zile hedifoni, zikiwa bado na joto la masikio ya Rukia, akasikiliza kupitia maikrofoni viatu vyake vikishuka ngazi.