Ufagio Haujaambiwa

"Wa kumi na saba huyu!" Sikio aliligonga gazeti kwa kalamu nyekundu mpaka chai ikamwagika. "Mama watoto, njoo uone wizi wa mchana kweupe."

Mkewe alikuwa akishona pindo la gauni jipya. Hakuinua kichwa. "Nakusikia kutoka hapa hapa."

"Mwandishi wa mpira, tena! Eti, 'Mechi imekwisha, ila kengele ya muuza aiskrimu haijaambiwa.' Haijaambiwa! Si neno langu hilo?"

Kwa miaka ishirini na miwili Sikio alikuwa ameandika safu ya muziki gazetini, na jina hilo la utani ndilo lililokuwa jina la safu. Onyesho likiisha tu, alikimbilia simu ya ukumbini. Huku watu wanatoka na viti vinakunjwa nyuma yake, aliisema safu nzima kutoka kichwani, na kule ofisini mpiga taipu anaigonga papo hapo. Kuisoma ikishatoka? Hata siku moja. "Nimeshaisema, niisome ya nini tena?" Mpiga taipu huyo ndiye Sikio aliyekuja kumwoa, wakazaa, wakazeeka pamoja, na bado hakuisoma.

Mwezi uliopita, katika kutafuta kalamu ya risasi kabatini, alifungua boksi la viatu. Mkewe alikuwa amezikata safu zote na kuzitunza. Akakaa sakafuni, akasoma moja, akasoma ya pili, adhuhuri ikamkuta hapo hapo. Akajipenda jamani! Hasa miisho yake. *Nje mtu anafagia. Ufagio haujaambiwa kwamba wimbo umekwisha.* Na nyingine: *Mama mmoja anatafuta kiatu cha pili, anakiita kama anayemwita mtoto.* Hakukumbuka kuyasema hayo, lakini nani hukumbuka kila alichosema simuni?

"Kumbe nilikuwa mtu hivi!" alimwambia mkewe.

"Zilikuwa fupi," mkewe alisema. "Mhariri alikuwa akilalamika kila wiki kwamba nafasi inabaki."

"Fupi lakini tamu."

Tangu siku hiyo hakupata usingizi. Kila alichofungua, alijikuta mwenyewe ndani yake. Mwandishi wa tanzia alimaliza na kiti cha marehemu kinacholia bila mtu. Mwandishi wa habari za mahakamani alimaliza na funguo za askari. Wote walikuwa na wasomaji, mikutano, picha zao ukurasa wa mbele, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia simu kumwambia asante.

Aliyemuuma roho zaidi ni yule binti aliyekuwa akipanga kurasa pale ofisini, kimya kimya na rula yake, ambaye Sikio hakuwahi hata kumuuliza anakaa wapi. Leo ni mwandishi wa riwaya, na riwaya yake imeshinda tuzo kubwa. Sikio aliisoma yote kwa siku mbili akitukana. Sura ishirini na nne, na kila moja imemalizika kwa sauti ndogo ya kitu kilichosahaulika.

"Nina wivu, ndiyo," alisema. "Sifichi. Yule mtoto anakula jasho langu na kijiko cha fedha."

Kadi ya mwaliko wa sherehe ya tuzo ilipoletwa, aliichana bahasha kabla ya kusoma imeandikiwa nani.

"Unaona? Dhamiri imemsuta. Jumamosi saa nane tupo pale, na boksi langu."

"Boksi la nini tena, mume wangu?"

"Asiponitaja, nasimama mbele ya watu wote na kuzisoma, moja baada ya nyingine. Nataka nisikie jina langu likitoka kinywani mwake kabla sijafa. Basi. Sitaki kingine."

Mkewe aliiweka sindano chini. "Kuna jambo la zamani kuhusu safu hizo. Siku zote nilikuwa nataka..."

"Utaniambia tukirudi."

Jumamosi walikaa safu ya tatu. Mkewe alikuwa ametengeneza nywele, akawa anakunja na kukunjua leso. Sikio alilipakata boksi. Mwandishi wa mpira alipopita na kumwamkia, alimwitikia kwa pua.

Mshindi alipanda jukwaani na tuzo yake mkononi.

"Wenzangu," alisema, "tusidanganyane. Wa mpira, wa tanzia, wa mahakamani na mimi, sote tumeiba sehemu moja." Ukumbi ukacheka. "Tumeiba kwenye safu ya muziki iliyoitwa Sikio."

Sikio alikuwa ameshasimama. Watu waligeuka, makofi yakaanza nyuma na kuja mbele, na kijicho cha mwezi mzima kikamtoka mwilini kama homa. Alifunga kifungo cha koti. Machozi yalimlenga, akayaachia.

"Shikamoo, mzee," mshindi alisema kutoka jukwaani. "Utakumbuka ulikuwa ukiisema safu kwa simu, na kila wiki inapungua mistari minne. Mimi nilikuwa napanga ukurasa, na ukurasa hauendi mtamboni ukiwa na tundu. Basi aliyeshika simu kule ofisini, akipiga taipu, aliijaza mwenyewe, kwa yale aliyoyasikia nyuma ya sauti yako. Viti. Ufagio. Mama na kiatu chake. Ni hiyo minne tu niliyoikariri mimi, na wenzangu hawa wote. Kadi nilimwandikia yeye. Naomba asimame tumwone."

Mkewe alimshika kiwiko.

"Keti, mume wangu," alisema taratibu, akanyoosha pindo la gauni lake, akasimama.